Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tabibu wa Ng'ambo na Leseni ya Jimbo katika Marekani

Mgonjwa aliyezidiwa hana nafasi ya kuuliza maswali mengi. Akiletewa tabibu humtazama usoni, akamnyoshea mkono apimwe mshipa, akamwachia Mungu yaliyosalia. Hamwulizi amesoma wapi, wala amefunzwa na nani, wala cheti chake kimeandikwa kwa lugha gani. Maswali hayo huulizwa na serikali kwa niaba yake, na jibu hutolewa katika waraka mmoja mdogo uitwao leseni. Kwa hiyo leseni si mali ya tabibu peke yake; ni ahadi ambayo serikali imempa mtu asiyeweza kuhoji kwa wakati huo. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi ahadi hiyo ilivyotungwa katika majimbo ya Marekani, na hasa jinsi ilivyotumika juu ya tabibu aliyekuja na elimu yake kutoka nchi nyingine. Marekani inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Katika kila matabibu wanne wa huko leo, karibu mmoja alisomea udaktari nje ya nchi hiyo. Tena kila jimbo lina sheria yake, hata lile ambalo jimbo moja hulificha jimbo jingine hulisema kwa sauti.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki amezoea baraza moja la matabibu kwa nchi nzima. Marekani hawana desturi hiyo. Katiba yao haikuipa serikali ya Washington kazi ya kulinda afya za watu wa majimbo. Kazi hiyo ilibaki kwa majimbo yenyewe, na ndiyo maana tabibu mwenye leseni ya Ohio si tabibu Texas mpaka Texas imkubali. Mwanzoni mwa karne ya 19 majimbo kadha wa kadha yalikuwa na sheria za leseni, lakini kufika katikati ya karne hiyo nyingi zilikuwa zimefutwa. Watu wa zama zile walichukia kila kitu kilichonuka upendeleo. Walisema ya kuwa mtu huru ana haki ya kutibiwa na amtakaye: mwenye shahada, mwenye mitishamba, mfuasi wa homeopathi, au mzee wa kijiji mwenye chupa yake ya dawa asiyeisema imetengenezwa kwa nini. Shule za udaktari zikaota kama uyoga baada ya mvua. Nyingi zilikuwa biashara ya walimu waliogawana karo za wanafunzi, na mwenye kulipa hakukosa cheti.

Hali hii haikuweza kudumu. Mwaka wa 1873 Texas ilitunga sheria mpya ya kuwasimamia matabibu, na mwaka wa 1877 Illinois ikafuata kwa sheria yenye meno zaidi, maana iliipa bodi ya jimbo uwezo wa kuitazama shule iliyotoa cheti na kuikataa kama haistahili. Inasemekana ya kuwa katika muda wa mwaka mmoja watu zaidi ya elfu waliokuwa wakitibu bila shahada waliondoka Illinois. Walakini hawakuacha kutibu. Walivuka mpaka tu, wakaenda kwa jirani ambaye hakuwa na sheria.

Jimbo jingine lililotunga sheria ya namna hiyo ni West Virginia. Sheria yake ya miaka ya mwanzo ya 1880 ilimtaka kila tabibu awe ama amehitimu katika chuo chenye sifa njema, ama ametibu katika jimbo lile kwa miaka 10 mfululizo kabla ya mwezi wa Machi 1881, ama amefaulu mtihani wa bodi. Palikuwa na mtu aitwaye Frank Dent, aliyekuwa akitibu huko tangu mwaka wa 1876. Miaka yake ilikuwa michache, haikufika 10. Akaleta cheti cha American Medical Eclectic College ya Cincinnati, bodi ikakikataa. Akaendelea kutibu, akashitakiwa, akahukumiwa. Dent hakukubali kushindwa. Alipeleka shauri lake mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, akidai ya kuwa jimbo limemnyang'anya kazi yake, na kazi ya mtu ni mali yake kama shamba lilivyo mali ya mkulima.

Mahakama ilitoa hukumu mwaka wa 1889, nayo iliandikwa na Jaji Stephen Field. Dent alishindwa. Lakini hukumu ile ina jambo ambalo wengi huliruka kwa haraka ya kufika kwenye matokeo. Jaji alikubali ya kuwa kila raia ana haki ya kufuata kazi halali aitakayo. Alikubali pia ya kuwa jimbo lina haki ya kuwakinga watu na ujinga na udanganyifu, na ya kuwa hapana kazi nyingi zinazohitaji kinga hiyo kuliko utabibu. Kisha akaweka mpaka: masharti ya jimbo hayana ubaya maadamu yanahusiana na kazi yenyewe, na maadamu mtu anaweza kuyatimiza kwa kusoma na kujitahidi kwa kadiri. Sharti lisilohusiana na kazi, au lisilofikiwa kwa kusoma na kujitahidi, ni dhuluma. Namwomba msomaji aikumbuke mizani hii ya mwaka wa 1889, kwa sababu nitaitumia kupima mengi yaliyofuata.

Katika miaka hiyo cheti cha ng'ambo kilikuwa taji, hakikuwa mzigo. Wamarekani wenyewe walivuka bahari kwa maelfu kwenda Berlin, Vienna na miji mingine ya Kijerumani kukaa miguuni pa walimu wa huko. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka wa 1893 katika mji wa Baltimore, iliiga mambo mengi ya Ujerumani, hasa maabara na utafiti. Abraham Flexner alipozikagua shule 155 za Marekani na Kanada na kutoa taarifa yake mwaka wa 1910, shule hiyo ndiyo aliyoifanya kipimo cha nyingine zote. Taarifa yake ilisaidia kuzifunga shule nyingi dhaifu, na hilo lilikuwa jema kwa wagonjwa. Kati ya shule saba za watu weusi zilizokuwapo wakati ule, tano zilikufa, zikabaki Howard na Meharry. Jambo hilo lilikuwa na gharama ambayo haijalipwa mpaka leo, lakini ni habari ya makala nyingine.

Basi tazama yaliyotokea miaka michache tu baadaye. Mwaka wa 1933 Hitler alishika madaraka katika Ujerumani, na matabibu Wayahudi wakaanza kufukuzwa katika hospitali na vyuo. Kwa amri iliyotolewa mwezi wa Julai 1938, leseni zao zote zilifutwa ilipofika tarehe 30 Septemba mwaka huo. Waliobahatika kupata njia ya kutoka walikimbia, na maelfu yao wakafika Marekani. Hawakuwa watu wa vyeti vya kununua. Baadhi yao walitoka katika vyuo vile vile ambako baba na babu za matabibu wa Marekani walikuwa wamekwenda kusoma. Mwanafunzi alikuwa amejenga nyumba kwa ramani ya mwalimu wake. Sasa mwalimu alikuwa mlangoni, mvua inamnyeshea, anabisha hodi.

Majimbo mengi yalijibu kwa neno moja: uraia. Yalitunga, au yalikaza, sheria za kusema ya kuwa asiye raia wa Marekani hapewi leseni. Uraia ulihitaji miaka mitano ya kukaa nchini kwa uchache. Tabibu mwenye umri wa miaka 50, mwenye mke na watoto, aliyeingia bandarini na sanduku moja, aliambiwa angoje miaka mitano ndipo aruhusiwe hata kuomba kupimwa. Majimbo mengine yalimtaka afanye tena mwaka mzima wa uanagenzi katika hospitali ya Marekani, pamoja na vijana waliomaliza shule jana. Mengine hayakukubali cheti chochote cha Ulaya. New York ndiyo iliyokuwa na mlango mpana kuliko wote. Kwa muda ilizikubali leseni za ng'ambo bila mtihani, lakini tangu mwaka wa 1936 iliwataka wageni wafanye mtihani kwa Kiingereza. Hata hivyo mlango ulikuwapo, nao wakimbizi wakajaa New York. Mara makelele yakaanza ya kuwa New York imefurika matabibu wa kigeni. Waliolalamika hawakutaka kuona ya kuwa mafuriko yale yalitokana na milango iliyofungwa kwingineko. Mwaka wa 1939 iliundwa kamati ya taifa ya kuwatafutia matabibu hao makao, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwasambaza mbali na New York, katika sehemu zenye upungufu.

Sipendi kuwahukumu watu wa zamani bila kusikiliza utetezi wao. Ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Matabibu wengi wa Marekani walitibu bila kulipwa, na mwenye njaa huona kila mgeni mdomo mwingine. Bodi nazo hazikuwa na njia nyepesi ya kujua ni chuo kipi cha Ulaya kilichobaki na heshima yake na kipi kilichoharibiwa na siasa. Suala la lugha halikuwa dogo pia. Utabibu ni kazi ya kusikiliza kabla ya kuwa kazi ya kupasua, na mgonjwa anayesema anachomwa chini ya mbavu anastahili tabibu ajuaye tofauti ya kuchomwa na kubanwa. Kumtaka mgeni ajue Kiingereza kulikuwa sharti la haki, kwa maana lugha hufikiwa kwa kusoma. Lakini uraia haufikiwi kwa kusoma. Hapana kitabu kimfanyacho mtu raia usiku mmoja, wala moyo wa mgonjwa haubadili mapigo yake kwa kuwa mwenye kuusikiliza ana pasi ya nchi hii au ile. Kwa mizani ya Jaji Field, sharti lile halikuwa na uzito wowote katika kumkinga mgonjwa. Lilimkinga tabibu mwenyeji.

Vita vilipoisha hali iligeuka. Hospitali za Marekani zilipanuka upesi sana, kila moja ikitaka vijana wa kukesha zamu za usiku, na vyuo vya nchi havikutoa wahitimu wa kutosha kuzijaza nafasi hizo. Sheria ya mwaka wa 1948 ya kubadilishana elimu na mataifa mengine ilifungua njia ya kuwaleta wageni kwa mafunzo, na hospitali zikaitumia kwa pupa. Wakaja Wafilipino, Wahindi, Wairani, Wakorea na wengineo. Waliitwa wanafunzi, lakini kazi waliyoifanya ilikuwa ya matabibu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hospitali hizi zilimpa jembe tangu siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa pa kulala.

Swali la zamani likarudi: nani ajuaye thamani ya cheti chake? Mwaka wa 1950 wakuu wa utabibu walichapisha orodha ya vyuo vya ng'ambo walivyoona vinastahili, na aliyetoka katika chuo kilichoandikwa alihesabiwa kuwa sawa na Mmarekani. Orodha ile ilikuwa na kasoro iliyoonekana tangu mwanzo. Vyuo vya dunia ni mamia, vimetawanyika katika mabara yote, na hapakuwa na mtu wa kuvizuru kimoja kimoja. Chuo kilichokosa jina katika orodha huenda hakikuwa kibaya. Huenda hakikufikiwa tu. Na mwanafunzi hodari wa chuo kisichojulikana alibeba kosa la ramani.

Hapo ndipo likaja wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora kuliko yote katika historia hii: kuacha kukipima chuo, badala yake apimwe mtu. Mwaka wa 1956 liliundwa baraza la kushughulikia matabibu waliohitimu ng'ambo, lijulikanalo mpaka leo kwa herufi ECFMG, na mtihani wake wa kwanza ulifanywa mwezi wa Machi 1958. Ulikuwa na maswali ya utabibu, kila swali na majibu kadhaa ya kuchagua, pamoja na jaribio la Kiingereza. Mtihani ule, baada ya muda si mrefu, uliweza kufanywa katika nchi ya mwombaji mwenyewe, kabla hajauza shamba la baba yake kwa ajili ya nauli. Orodha ya vyuo ikaachwa. Aliyefaulu alipewa cheti, awe ametoka Edinburgh au Manila. Hili ndilo sharti ambalo Jaji Field angelitambua: linahusiana na kazi, na linafikiwa kwa kusoma.

Ili tuone uzito wa mageuzi hayo, na tutazame kidogo nyumbani. Mafunzo ya utabibu yalianza Makerere mwaka wa 1924, karibu na hospitali ya Mulago. Kwa miaka mingi waliohitimu humo waliajiriwa na serikali za kikoloni kwa cheo cha wasaidizi, chini ya tabibu yeyote aliyetoka Uingereza, hata kama tabibu huyo alikuwa amefika juzi na hajapata kumwona mgonjwa wa malale. Shahada yao haikukubaliwa na baraza la matabibu la Uingereza mpaka mwaka wa 1957. Mkononi mwao ujuzi ulikuwa ule ule mwaka wa 1956 na mwaka wa 1958. Kilichobadilika ni neno lililoandikwa London juu ya chuo chao. Hapo mtu alipimwa kwa chuo, na chuo kilipimwa kwa macho ya mtawala. Mwaka huo huo wa 1958 Wamarekani walikuwa wameanza, angalau kwa karatasi, kumpima mtu kwa alijualo.

Nasema kwa karatasi kwa sababu cheti cha ECFMG hakikuwa leseni. Kilimfungulia mgeni mlango wa hospitali, si mlango wa jimbo. Alipomaliza mafunzo yake alirudi tena mbele ya bodi, na kila bodi ilikuwa na yake. Desturi iliyoenea, ambayo haijakoma katika majimbo mengi, ni kumtaka Mmarekani mwaka mmoja wa mafunzo ya hospitali na kumtaka mgeni miwili au mitatu, ijapokuwa wote wawili wamekaa wodi moja chini ya mkufunzi mmoja.

Mwaka wa 1965 mambo mawili yaligongana. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianzisha bima ya matibabu kwa wazee na kwa maskini, na mamilioni ya watu waliokuwa wakiugulia nyumbani wakapata njia ya kwenda hospitali. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikatiwa sahihi sheria mpya ya uhamiaji iliyofuta migao ya zamani ya mataifa, ambayo ilikuwa imewabana watu wa Asia na Afrika, na kuwapa nafasi wenye taaluma zilizohitajiwa. Matabibu wakaingia kwa wingi. Lakini leseni kamili ilibaki ngumu, na baina ya uhitaji mkubwa na mlango mwembamba pakatokea njia ya uani. Majimbo mengi yaliruhusu hospitali zao, hasa zile za wagonjwa wa akili, kuajiri matabibu wa ng'ambo wasio na leseni kamili, kwa kibali kilichofaa ndani ya ukuta wa hospitali ile tu. Mwaka wa 1974 jarida mashuhuri la utabibu la New England lilichapisha uchunguzi ulioonyesha ya kuwa wageni wengi walikuwa wakitibu hospitalini bila kuwa na leseni, na waandishi wake wakayaita hayo utabibu wa chini kwa chini.

Hapa ndipo historia hii inaponikera. Kama mtu yule hakuwa na elimu ya kutosha, kwa nini aliachiwa wodi nzima ya watu wasioweza hata kulalamika? Na kama alikuwa nayo, kwa nini alinyimwa leseni? Kwa tajiri mwenye kulipa, mwenye wakili na mwenye ndugu wa kuuliza, jimbo lilisema mtu huyu hafai. Kwa mwenda wazimu aliyesahauliwa na jamaa zake, jimbo lile lile lilisema anafaa. Na maneno hayo mawili yalisemwa kwa jina la kumlinda mgonjwa. Wapo waliojibu ya kuwa tabibu wa shaka ni afadhali kuliko kukosa tabibu kabisa. Huenda ni kweli. Lakini hilo ni jibu la uhaba, wala halipaswi kuvishwa joho la usalama. Tusisahau pia ya kuwa miongoni mwa matabibu hao walikuwapo hodari waliowahudumia wagonjwa kwa uaminifu wa miaka mingi, kwa mshahara mdogo, bila uhuru wa kuhamia hata hospitali ya pili, maana kibali kilifia getini.

Sharti la uraia lilianguka katika miaka hiyo hiyo, na lililoangushwa kwanza halikuwa la utabibu. Bi Griffiths, Mholanzi aliyekuwa akiishi Connecticut, alikataliwa kuwa wakili kwa sababu hakuwa raia. Mahakama ya Juu ilimpa haki yake mwaka wa 1973, na baada ya hapo sheria za namna hiyo juu ya matabibu hazikuweza kusimama. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu leseni za wakimbizi kufutwa Ujerumani.

Lakini upepo huvuma pande zote. Mwaka wa 1976 bunge la Marekani lilitamka katika sheria ya kuwa nchi haina tena upungufu wa matabibu, likawaongezea wageni mtihani mgumu zaidi na masharti ya viza. Mwaka wa 1984 ilifichuliwa biashara ya vyeti vya uongo vilivyotolewa kwa jina la shule mbili za Jamhuri ya Dominika, nazo bodi zikawa kali kwa wote, wakweli na waongo. Siwezi kuzilaumu kwa hilo. Mtu anayetibu kwa cheti cha kununua ndiye hasa yule ambaye leseni ilibuniwa ili kumzuia, na mwenye kuteseka kwa ajili yake, baada ya mgonjwa, ni mgeni mwaminifu anayekuja nyuma yake.

Yafaa kutaja kwa ufupi watoto wa nyumbani waliosoma nje. Vijana wengi wa Kimarekani waliokosa nafasi vyuoni mwao walikwenda Guadalajara katika Meksiko, na baadaye katika visiwa vya Karibi. Shule iliyofunguliwa Grenada mwaka wa 1977 ilijaa Wamarekani hata usalama wao ukawa mojawapo ya sababu zilizotajwa na Rais Reagan alipopeleka majeshi kisiwani mwaka wa 1983. Kwa ajili ya vijana wa Meksiko ilikuwa imebuniwa, mwaka wa 1971, njia maalumu iliyowapitisha katika mwaka mmoja wa mafunzo ya usimamizi nyumbani bila kutimiza utumishi uliotakiwa na sheria ya Meksiko. Njia hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 2009. Yaelekea ya kuwa panapokuwa na nia, sheria hujua kupinda.

Mpaka miaka ya 1990 Wamarekani wengi walipata leseni kwa mtihani mmoja na wageni kwa mwingine. Kati ya mwaka wa 1992 na 1994 mitihani hiyo iliunganishwa kuwa mmoja wenye hatua tatu, na tangu hapo aliyehitimu Dar es Salaam na aliyehitimu Boston hujibu maswali yale yale. Mwaka huo wa 1994 pia, kwa juhudi ya Seneta Kent Conrad wa North Dakota, kila jimbo liliruhusiwa kuwaombea matabibu wachache wa kigeni wasirudi kwao baada ya mafunzo, ilimradi wafanye kazi miaka mitatu mahali penye upungufu. Kwanza walikuwa 20 kwa kila jimbo kwa mwaka, baadaye 30. Hapo jembe lilitolewa waziwazi, na mgeni alijua tangu mwanzo shamba lake ni lipi na mavuno ni nini. Naona hilo ni la heshima kuliko vile vibali vya getini.

Sisi nasi tumekuwa wenyeji. Dar es Salaam ilianza kufunza matabibu mwaka wa 1963 na Nairobi mwaka wa 1967, nayo mabaraza yetu sasa huwatahini vijana wetu warudio na shahada kutoka China, Urusi, Ukraine na kwingineko kabla ya kuwaruhusu kuanza uanagenzi. Wazazi hulalamika, na wengine hudai ya kuwa mtihani ni hila ya kuwazuia. Mtihani wenyewe hauna ubaya. Lakini anayetahini naye yampasa aonekane: maswali yahusu kazi, matokeo yatoke kwa wakati, na anayeshindwa aambiwe ameshindwa wapi, ili asome na kujitahidi.

Maradhi ya mwaka wa 2020 yalionyesha tena jinsi mlango unavyoweza kufunguka kwa siku moja. Mwezi wa Aprili gavana wa New Jersey aliruhusu matabibu wenye leseni za nchi nyingine wapewe leseni za muda, jambo ambalo kwa miaka mingi liliambiwa haliwezekani. Mwaka wa 2023 Tennessee ilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwezi wa Julai 2024, ya kumpa leseni ya majaribio tabibu wa ng'ambo aliyekwisha kufaulu mitihani na kupata mafunzo ya kibingwa kwao, bila kumlazimisha kuyarudia mafunzo hayo yote Marekani. Florida ilifuata mwaka wa 2024, na majimbo mengine yakaiga, kila moja kwa masharti yake. Tabibu wa namna hiyo anaweza sasa kuishika leseni mkononi pasipo kurudi kuwa mwanagenzi akiwa na mvi. Lakini akienda kuomba kazi katika hospitali kubwa, au akitaka kampuni ya bima imlipe, huulizwa cheti cha ubingwa. Cheti hicho hakitolewi na jimbo lolote. Hutolewa na mabaraza ya mabingwa yanayojitegemea, na kwa sehemu kubwa mabaraza hayo bado yanahesabu tu miaka ya mafunzo iliyotumika katika hospitali za Marekani na Kanada.